La Mwalimu Linapita

Baba yangu alikuwa na mwavuli mweusi ambao sikuwahi kuuona umefunguliwa.

Mtu asiyeijua Tukuyu ataona hilo ni jambo dogo. Huku kwetu mvua ni kama shemeji aliyeizoea nyumba: haibishi hodi, inaingia asubuhi, inatoka adhuhuri, jioni inarudi kuchukua ilichosahau. Mtu akionekana barabarani bila mwavuli anaulizwa kama kafukuzwa kwake. Sasa baba alikuwa mchuuzi wa chumvi, sindano na vitambaa, anatembea na mzigo begani mpaka Kisondela, na mwavuli ule aliununua kwenye duka la Mhindi pale mjini, mpini wake umepinda kama shingo ya bata. Akauona ni mzuri mno kupelekwa mvuani. Akawa anautembeza umekunjwa, umefungwa kwa kamba yake, na mvua inamnyeshea yeye mpaka kofia inalegea kama chapati.

"Fungua basi, mume wangu," mama anamwambia.

"Utalowa, utachakaa."

"Na wewe je?"

"Mimi nitakauka."

Nilidhani baba ana kasoro kidogo kichwani. Baadaye nikaielewa hesabu yake. Watu wa huku ni watu wa kuamkiana, hawampiti mtu kama wanavyoupita mti, lakini baba aliamini kwamba wakimwona kwa mbali na mwavuli ule wanasema, huyo si mchuuzi wa chumvi tu, huyo ni mtu. Zile "Ugonile, tata" alizokuwa akiamkiwa njiani aliziona ni za mwavuli. Siku moja akausahau nyumbani. Akaenda mikono mitupu, akarudi jioni, akaketi, akavua viatu, akasema, "Kumbe."

Mama akamwuliza, kumbe nini?

"Wameniamkia vilevile."

Sikumbuki kama alifurahi, au alikasirika kwa kulowa bure miaka yote ile. Nadhani yote mawili.

Kwa nini nimeanza na mwavuli sijui vizuri. Nilichukua kalamu niandike habari za mwalimu. Lakini kila nikijiuliza heshima ya mtu inakaa wapi, namwona baba amelowa. Na swali lenyewe halikuja hivihivi. Mjukuu wangu wa kike kachaguliwa kwenda chuo cha ualimu. Mama yake, yaani binti yangu, aliposikia alijifunika kanga akalia kama kaletewa habari ya msiba. "Ualimu, baba! Kusoma kote kule, halafu ualimu!" Mtoto mwenyewe amekaa kwenye kigoda anajitazama vidole vya miguu kama kaiba. Nikamwambia binti yangu nyamaza, hapa hajafa mtu. Usiku sikulala vizuri, na asubuhi nikaomba daftari. Mimi si mtu wa kuandika. Herufi zangu ni kubwa kama mikungu ya ndizi na zinaegemeana. Lakini kuna jambo nililiona kwa macho yangu pale kijijini Ikuti, na nikifa nalo litakuwa limepotea.

Babu yangu alitoka pwani na biashara ya nguo, akaoa huku, akazikwa huku. Tunaitwa Waswahili mpaka leo, hata mimi ninayeota kwa Kinyakyusa. Shule sikukaa. Darasa la pili niliondoka nikamfuata mjomba wangu, ambaye alikuwa mchinjaji, na kazi ya kuchinja ndiyo iliyonilea. Maana huku karibu kila mtu ni Mkristo, lakini kuna desturi nzuri ambayo hakuna aliyeiandika: mtu akiwa na harusi, au kipaimara cha mtoto, au akimaliza matanga, anamwita Mwislamu achinje. Ng'ombe akichinjwa na mkono wetu, uwanja mzima unakula. Akichinjwa na mkono mwingine, sisi tunakula ndizi na kutabasamu. Basi watu hawakutaka mgeni yeyote atabasamu tu. Mchinjaji malipo yake ni ngozi na shingo. Kwa ngozi na shingo nimejenga, nimeoa, nimesomesha.

Miaka ile kabla ya ruksa, kabla serikali haijafungulia biashara, nilikuwa naishi Ikuti, nachinja na kununua ngozi. Ndipo alipoletwa mwalimu mmoja. Aliletwa na serikali kutoka mbali, upande wa ziwa kule Kigoma, mwembamba, shati jeupe, Kinyakyusa hajui hata cha kuombea maji. Hakuwa na mjomba huku, hakuwa na shangazi, hakuwa na hata binamu wa kukosana naye. Na watu wa huku nyama wanagawana kwa ukoo: hili la wakwe, hili la wajomba, hili la wazee. Kwenye sherehe ya kwanza aliyokuja, mafungu yakaisha yeye amesimama na sahani yake kama mtu anayesubiri basi. Mzee mmoja, aliyekuwa mkubwa kuliko wote pale, akaona. Akasimama na fimbo yake.

"Mtu huyu ana ndugu gani hapa?"

Tukasema hana.

"Basi ndugu zake ni sisi sote. Na mwenye ndugu wengi hivyo hawezi kula mwisho. Toka leo atakula kwanza."

Ikawa hivyo. Kila ng'ombe aliyeanguka Ikuti, mimi nilitoa ini likiwa bado la moto, nikakata na kipande cha kidari, nikalifunga kwenye jani la mgomba lililobabuliwa motoni ili lisipasuke, nikalibeba kwa mikono miwili mpaka alipokaa mwalimu. Kabla ya wakwe. Kabla ya mchungaji, naye mchungaji hakununa, au kama alinuna alinunia kwake. Na nikipita ilinibidi kutangaza: "La mwalimu linapita!" Watu wanakunja miguu, wenye vigoda wanasogea, akina mama wanapiga kigelegele kidogo. Alipohamishwa yule akaja mwingine, fungu likamngoja yule mwingine. Halikuwa la mtu.

Huyo mwingine ndiye ninayetaka kumsema. Na yeye alitoka mbali, sitasema wapi. Alikaa Ikuti mpaka nywele zikageuka.

Msidhani naleta habari za malaika. Alikuwa na fimbo nyepesi kuliko ulimi wake, na ulimi ulikuwa mwepesi. Jumamosi alikunywa pombe ya kimpumu mpaka anaimba nyimbo za kwao. Mwanangu wa kwanza alirudi siku moja na mistari matakoni, nikaenda shuleni moto unaniwaka, tukatukanana mbele ya watoto wote, tukapatana baada ya wiki kwa sababu alihitaji mtu wa kucheza naye bao. Namsema hivyo ili mjue kwamba lile ini hakupewa kwa kuwa mtu mwema. Watu wema tulikuwa nao wengi, na hawakupata ini.

Sasa serikali ikasema watu wazima wote wasome. Kisomo. Nikaenda, kwa kuona haya, na wenzangu tumetoka kuchuma chai na kulima, majembe tumeyaegemeza ukutani. Tukafika mlangoni tukasimama. Tatizo lilikuwa moja: nani amwamkie nani? Sisi ni wakubwa kwake, yeye ni mwalimu wetu. Hakuna aliyetaka kuanza. Tukakaa pale kama ng'ombe kwenye kivuko.

Akatoka nje. Akatupitia mmoja mmoja, "Shikamoo, shikamoo, shikamoo," tukaitikia marahaba. Halafu akasema, "Nje ya mlango huu mimi ni mtoto wenu. Ndani ya mlango, tutaona." Tukacheka, tukaingia.

Mimi utotoni, kwenye chuo cha Kurani, nilikuwa nimefundishwa herufi za Kiarabu, kwa hiyo mkono wangu ulikuwa unakwenda kinyume. Anaandika yeye kuelekea kule, mimi naandika kurudi huku, tunakutana katikati. Hakunicheka. Alisimama nyuma yangu akaushika mkono wangu wenye chaki, mkono huu wa kushika kisu, akausukuma polepole kama anamfundisha ndama kutembea. Miezi ikapita. Siku moja nimekaa dukani nasubiri mvua ikatike, nikaangalia gunia, na gunia likaniambia CHUMVI. Sikulitafuta neno. Lilikuja lenyewe. Nikatazama huku na huku kama kuna mtu mwingine kasikia. Baba yangu aliyabeba magunia ya namna ile maisha yake yote na hayakumwambia kitu.

Na tangu siku ile ya mlangoni, kila tukikutana njiani, mwalimu aliniamkia shikamoo kwanza. Hata akiwa amekasirika na mimi. Hata Jumamosi.

Halafu ikaja ruksa. Vijana wa leo hawajui tulivyopanga foleni kwa kipande cha sabuni, kwa hiyo sitaisema vibaya ruksa. Nguo zikaja, za mitumba, nzuri, mimi mwenyewe nilivaa koti la manyoya la kike bila kujua, mpaka mke wangu akaniambia. Sukari ikaja. Malori yakaanza kupanda kutoka Dar es Salaam kuja kubeba ndizi zetu, na kijana aliyejua kusimama kati ya mwenye mgomba na mwenye lori akawa mtu. Ilikuwa kama mtu amefungua dirisha kwenye nyumba yenye moshi. Lakini dirisha likifunguliwa, upepo nao hauulizi unapeperusha nini.

Mwalimu akaanza kuonekana mdogo. Sijui nieleze vipi. Alikuwa palepale, shati lilelile. Mshahara ulikuwa unachelewa, analima viazi baada ya kipindi cha mwisho, na chaki ikawa inachanganyika na udongo kwenye kucha zake. Vijana wakamwita "Vumbi la Chaki". Wazazi wakaanza kumsema mtoto asiyefanya vizuri, "basi, atakuwa hata mwalimu." Hata mwalimu! Na waliokuja na magari kutoka wilayani, na mchungaji, na wenye hotuba, wote wakaanza kusema neno moja: ualimu ni wito. Ualimu ni wito, ndugu zangu, mwalimu ni mshumaa, anaungua ili wengine waone. Mimi mshumaa naujua. Mshumaa ukiisha watu wanatafuta mwingine, hakuna anayeulilia. Na nimegundua hivi katika maisha yangu: kazi ya mtu ikianza kuitwa wito, jueni kuna watu wamekwisha kukaa mahali wakaamua asilalamike. Mbona mwenye lori hakuambiwa ana wito?

Nimeona hasira imenipanda. Ngoja ninywe chai.

Turudi Ikuti. Mimi nilikuwa nimehamia mjini Tukuyu, lakini sherehe za Ikuti bado zilikuwa zangu. Akanifuata kijana mmoja wa kule. Kijana nasema, lakini alikuwa na watoto tayari. Alisoma kwa yule mwalimu mpaka la saba, akaingia kwenye ndizi. Simnyimi haki yake: alikuwa mchapakazi. Alianza kubeba mikungu kichwani, shingo ikimwingia mabegani, mpaka akawa anajaza malori, na akajenga nyumba ya matofali ya kuchoma, bati jekundu, madirisha ya vioo. Sasa anaifungua nyumba.

"Mzee wangu, nakutaka wewe mwenyewe," akaniambia. "Madume mawili. Tajiri anayenunua ndizi zangu anakuja kutoka Dar, na yeye ni wa dini yako. Sitaki abahatishe."

Nikaenda. Asubuhi ile mawingu yalikuwa yamekaa mgongoni mwa mlima Rungwe, bado hayajaamua. Uwanja umejaa. Nikaliangusha dume la kwanza, nikalielekeza kibla, nikasoma, nikachinja, wanaume wakanisaidia kuchuna. Nikatoa ini. Zuri, pana, halina doa. Nikababua jani, nikafunga, nikatafuta kwa macho mwalimu amekaa wapi.

Zamani aliwekewa kiti karibu na mlango. Siku hiyo alikuwa kwenye benchi la pembeni kabisa, kwenye migomba, pamoja na waliokuja bila kualikwa. Amevaa koti lake la siku zote. Anamenya ndizi ya kuchoma taratibu, kama anayemenya yai.

Nikapandisha sauti: "La mwalimu linapita!"

Wazee wachache wakakunja miguu kwa mazoea. Vijana wakageuka kuangalia ni nini. Na mwenye nyumba akashuka kwenye ngazi zake mpya.

"Linapita kwenda wapi, Mzee?"

"Linakokwenda siku zote, mwanangu."

"Leo linaingia ndani. Nina mgeni."

"Mgeni mpe paja zima. Mpe figo. Ini lina mwenyewe."

Akacheka, akawageukia wenzake. "Jamani mnasikia? Viatu vya mwalimu vimeachama kama vyura, lakini ini bado anataka!"

"Mpeni kwato nne, avae!" akapiga kelele mmoja.

Walicheka sana. Ilikuwa kelele nzuri, siwezi kukataa, hata mimi ningecheka kama ingekuwa ya mtu mwingine. Mwalimu alisikia. Aliendelea na ndizi yake.

Mama wa mwenye nyumba akatoka jikoni na mwiko mkononi, bibi mfupi, macho yamejaa moshi. "Nani anamcheka mwalimu kwenye uwanja wangu?"

"Mama, rudi jikoni."

"Sirudi. Nyumba umeijaza vyumba, adabu hata kibaraza haina!"

Hapo wakacheka wazee. Mwenye nyumba akaona mambo yanamponyoka, akanisogelea, akapunguza sauti. Alisema kwa upole, na ndiyo sababu maneno yale yaliniingia.

"Mzee, tuambizane ukweli. Zamani mwalimu alikuwa mtu kwa sababu hapakuwa na mtu mwingine. Baiskeli ilikuwa yake. Redio ilikuwa yake. Barua ikija anasoma yeye. Siku hizi redio kila mtu anayo. Hakuna aliyemwonea. Dunia imebadilika tu."

Mtu mwingine angemjibu, na wewe kusoma kwako ulifundishwa na nani? Sikusema hivyo, kwa sababu jibu lake ni rahisi: angefundishwa na mwingine. Nilikuwa nimesimama na ini linanichoma viganja kupitia jani, na nikamwona baba yangu anavua viatu.

"Kwa hiyo miaka yote ile," nikamwambia, "tulikuwa tunaiamkia redio?"

"Ndiyo, Mzee. Mlikuwa mnaiamkia redio."

Akalichukua lile jani mikononi mwangu, bila kuninyang'anya, kama unavyompokea mzee mzigo, akaingia nalo ndani.

Mimi nikarudi kwenye dume la pili. Lilikuwa limefungwa kwenye mti, linatafuna. Nikageuza ndoo juu chini, nikaikalia.

Wakaja kuniuliza, vipi, Shehe, mbona umekaa? Nikasema sichinji. Wakadhani nasumbuliwa na mgongo. Nikasema mgongo mzima, sichinji. Habari ikapanda ngazi, mwenye nyumba akateremka tena, safari hii haraka.

"Mzee, usinitie aibu."

"Sijakutia kitu. Kisu hiki hapa, chinja mwenyewe."

"Nikichinja mimi mgeni wangu hatakula, na yeye mgeni siwezi kumpa kisu, unajua."

"Najua."

"Waislamu wengine wapo."

"Wapo, Tukuyu. Lori lako lina mafuta?"

Mzee mmoja akapaliwa na kimpumu kwa kicheko. Na kwa makelele yale mgeni mwenyewe akatoka nje. Mtu mnene, kanzu safi, mpole, anashikilia kanzu yake isiguse matope yetu. Akanitolea salamu, nikaitikia. Akauliza, "Kuna nini, mzee wangu?" Nikamweleza: hapa kuna fungu la mtu, fungu hilo umepelekewa wewe, na wewe huna kosa.

Akashika kichwa. "La haula! Na maini mimi wala sili. Daktari kanikataza."

Laiti mngeuona uso wa mwenye nyumba. Ilinibidi nitazame pembeni. Na nadhani angeniomba radhi pale, nami ningechinja, na leo nisingekuwa na la kuandika. Lakini mtu akianguka mbele ya watu haangalii anashika nini. Akaita kuelekea ndani, kwa sauti ya kusikika uwanja mzima:

"Basi mpelekeeni huyo mwalimu, mgeni hali!"

Akatoka msichana na sahani. Ini limekwisha kukatwakatwa na kukaangwa na vitunguu. Akapita nalo katikati ya watu, na safari hii hakuna aliyetangaza, hakuna aliyekunja mguu. Uwanja mzima ukamtazama mwalimu. Na mimi nilitazama. Nilijua alikuwa hajala nyama muda mrefu. Nilijua nyumbani kwake kuna watoto. Nikasema moyoni, akilipokea sitamlaumu, lakini fungu litakuwa limekufa leo, na aliyeliua hata hatajua.

Mwalimu akasimama. Alisimama kama anavyosimama darasani, mikono nyuma. Sahani hakuigusa.

"Rudisha, mwanangu," akamwambia msichana, taratibu. "Hilo limekataliwa na mtu. Langu hupita kwanza."

Msichana akabaki hajui afanye nini.

"Na kesho zamu ya kufagia ni yako. Usichelewe."

"Ndiyo, Mwalimu." Na akapiga goti. Na sahani yake mkononi, kwenye matope, mbele ya mwenye nyumba na tajiri na bati jekundu, yule mtoto akakunja goti kama linavyokunjwa. Kisha akairudisha sahani. Mwalimu akakaa, akachukua ndizi yake.

Sasa nani alikuwa na heshima pale? Niambieni ninyi. Mimi nimekwisha kujijibu.

Mwenye nyumba akanigeukia. Jasho linamtoka na baridi yote ile. "Haya, umefurahi? Yameisha. Chinja. Ini la hili la pili nitakupa mkononi mwako, upite nalo, utangaze, upige kelele zako zote. Sawa?"

Na hapo msidhani sikufikiri. Karibu sherehe zote za Ikuti wakati huo zilikuwa na mkono wake: ndiye anayechangia, ndiye anayekopesha gari, ndiye anayesema tumwite fulani. Nikiondoka, ngozi zile mbili naziacha, na zote zitakazofuata. Na mtu ameshuka, ameomba, kwa namna yake. Wengine mpaka leo wananiambia ningechinja. Labda. Lakini lile fungu halikuwa nyama. Lilikuwa neno la watu waliosema, mbele ya mgeni asiye na ndugu, wewe utakula kwanza. Na neno la namna hiyo huwezi kulirudisha kwa ng'ombe wa pili.

"Nilichelewa sana kujifunza kuhesabu, mwanangu," nikamwambia. "Lakini moja na mbili nazijua."

Nikaosha kisu kwenye ndoo. Nikakifuta, nikakiviringisha kwenye kitambaa chake. Ngozi ya dume la kwanza ilikuwa imelala pale kwenye majani, bado ina mvuke, nikairuka. Nikachukua mwavuli wangu. Nikapita katikati ya uwanja, wazee wakaanza kukunja miguu, sijui kwa nini, sikuwa nimebeba kitu.

Nikafika kwenye benchi la pembeni. Mwalimu aliponiona akafungua mdomo aniamkie, kama siku zote. Nikamwahi.

"Shikamoo, Mwalimu."

Mimi, na mvi zangu, kwa mtu niliyemzidi miaka. Nilisema kwa sauti ile ninayotangazia. Kule nyuma mtu aliyekuwa anacheka akaacha. Mwalimu akanitazama kidogo, na nadhani aliukumbuka ule mlango. Hakukataa. Hakuona haya.

"Marahaba," akasema.

Nikashika njia ya migombani. Mvua ilikuwa imekwisha kuamua, ikaanza, nami mwavuli sikuufungua. Nyuma yangu nikalisikia lile dume linalia mara moja, kisha kimya; wamelichinja wenyewe. Nikaipata barabara ya Tukuyu, nikaendelea kutembea, na Ikuti sikurudi tena.